Ua, Ua na Kuua

Mwanafunzi yeyote aliyewahi kuketi katika somo la semantiki anaukumbuka mfano huu, kwa kuwa ni nadra kumpata mhadhiri asiyeutumia: ua la kunusa, ua wa kuzungushia boma, na ua, kitenzi cha kutoa roho. Maneno matatu, umbo moja. Tunafunzwa kuwa hizi ni homonimu, kwamba upatanisho wa kisarufi ndio utuondoleao utata (ua limechanua, ua umebomoka), na kwamba kukutana kwa maana hizo ni sadfa tu. Sina ugomvi na maelezo hayo. Ninalotaka kusimulia, mpenzi msomaji, ni jinsi nilivyozikuta maana zote tatu zimesimama pamoja katika shamba moja la mahindi huko Nambale, katika Kaunti ya Busia, nami nimepiga magoti na simu mkononi.

Nilianza kupiga picha maua ya porini nikiwa mwaka wa pili, kwa sababu isiyo na ushairi wowote. Simu niliyokuwa nayo ilikuwa na kamera nzuri, na kila siku nilitembea kilomita tatu kutoka chumba cha kupanga hadi chuoni kwa njia ya vichochoro na mashamba. Si shughuli yenye heshima kubwa. Mtu mzima anapoonekana amelala kifudifudi kando ya barabara, wapita njia humwuliza, "Umeangusha nini?" Nikijibu kuwa napiga picha ua, huangalia niliko, hawaoni ua, kisha huenda zao wakitikisa vichwa. Hawaoni kwa sababu mengi ya maua hayo ni madogo kuliko ukucha, na aliyesimama wima huyaona kama nyasi tu. Kamera ndiyo iliyonishurutisha kuinama.

Nilijifunza pia kuamka. Mwangaza ufaao ni ule wa kabla ya saa mbili asubuhi, jua likiwa bado limelala upande. Jua la adhuhuri huzichoma rangi, na waridi hugeuka kuwa weupe usio na maana. Wingu jepesi ni baraka. Upepo ndio adui. Nimewahi kukaa nusu saa nimelishikilia leso kama pazia, nikimsubiri mpepeo mmoja upite, na punde nilipobonyeza ukaja mwingine. Watu husema kazi hii hufundisha subira. Labda. Mimi ilinifundisha kwanza kwamba ua halikuchanua kwa ajili yangu, wala halina haja ya kunisubiri.

Jambo lililonishtua mapema lilikuwa la lugha. Nilikuwa na picha hamsini na majina manne. Hapo ndipo nilipoanza kuyatafakari maua ya fasihi yetu. Fikiria yale ambayo ushairi na nyimbo za mwambao zimeyapenda: asumini, waridi, kilua, langilangi, rihani, mkadi. Haya ni maua ya kutungwa kikuba, ya kutiwa kwenye nywele, ya kutandazwa kitandani kwa bibi arusi. Sifa yake kuu ni harufu. Na mengi yake ni maua ya uani: yamepandwa, yanamwagiliwa, yana mwenyewe. Ni ua ndani ya ua. Ndiyo maana ua likawa jina la mpenzi, na ukuta unaolizunguka ukawa sehemu ya maana yake. Sisi tuliozaliwa bara tuliyarithi maua hayo pamoja na lugha, tukayaandika katika insha za shule ya msingi pasipo kuwahi kuyanusa. Ni wangapi kati yetu tulioandika "mrembo kama waridi" ilhali waridi tulilolijua ni lile la plastiki lililokuwa juu ya televisheni sebuleni?

Sisemi hayo kwa kejeli. Asumini ni neno zuri, na nimeshalinusa sasa. Lakini picha haina harufu. Kamera ilinirudisha kwenye maua ambayo sifa yake ni rangi na umbo, yasiyo na mwenyewe, yaotayo kando ya mitaro na katikati ya mazao. Hayo hayakuwa na nafasi katika insha zangu. Mengi yalikuwa na neno moja tu, nalo ni gugu.

Chukua mfano wa ua moja nililolikuta likipanda juu ya kichaka, ambalo wataalamu huliita Gloriosa superba. Petali zake sita hujipinda kuelekea juu na nyuma mithili ya ndimi za moto, zenye manjano kwenye kingo na wekundu katikati. Halina vikono vya kujishikilia kama mtambaazi wa kawaida. Ncha ya jani lenyewe ndiyo hurefuka na kujizungusha kwenye chochote kilicho karibu. Zimbabwe wamelifanya ua la taifa. Mmea huo huo, hususan kiazi chake na mbegu, una sumu iitwayo kolchisini, ambayo inaweza kumuua mtu. Na kolchisini hiyo hiyo, kwa kipimo kidogo cha daktari, ni dawa ya ugonjwa wa jongo. Picha yangu inaonyesha moto tu. Haina mahali pa kuandika kipimo.

Lakini nimeahidi shamba la Nambale.

Shamba hilo ni la shangazi yangu, dada ya baba, ambaye kwetu huitwa senge. Ni ekari moja na kipande. Limezungukwa na ua wa maua, na hapa sifanyi mchezo wa maneno: upande wote wa barabara umepandwa tithonia, kichaka kirefu kuliko mtu chenye maua ya manjano yanayofanana na alizeti ndogo. Anayesafiri kutoka Kisumu kwenda Busia huyaona maua hayo kando ya njia hadi ayachoke. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, ila yamekaa magharibi mwa Kenya muda mrefu kiasi kwamba wazee huyahesabu kuwa ya hapa. Majani yake ni machungu mno. Ng'ombe huyapita, na ndiyo sababu yakafaa kuwa ua. Watoto tulipoumwa na tumbo tulichemshiwa hayo tukanywa tukilia. Nilikuwa nimeyapiga picha mara nyingi kwa kuwa ni rahisi: ni makubwa, yana rangi kali, hayatetemeki sana.

Ndani ya ua huo, mwishoni mwa Juni mwaka 2024, nilikuta zambarau.

Sijui nilieleze vipi bila kurejea kwenye lugha ya insha za shule. Mahindi yalikuwa yamesimama kwa mistari, na chini yake, mstari hadi mstari, kulikuwa na maua ya rangi kati ya waridi na zambarau, yamefika magotini, mengi mno. Kila shina lilikuwa na maua machache yaliyofunguka na machipukizi juu yake yakingoja zamu. Nilipolala chini na kusogeza simu, niliona kuwa kila ua ni kijineli kilichopinda shingo, na mdomo wake umegawanyika kama kipepeo. Umande ulikuwa bado upo. Sikuwahi kupata mwangaza kama ule. Nilipiga picha zaidi ya thelathini.

Simu za siku hizi zina uwezo wa kulitia ukungu lililo nyuma ili lililo mbele lipate kung'aa. Kadiri nilivyolisogelea ua, ndivyo mahindi nyuma yake yalivyozidi kuyeyuka na kuwa michirizi ya rangi ya kijani iliyopauka. Ilipendeza sana. Ndipo senge alipofika na jembe begani, akasimama, akanitazama kwa muda.

"Umemaliza, mwanangu?" akauliza.

"Bado kidogo, senge."

"Ukimaliza niambie, niling'oe."

Nikainuka. Nilipoinuka ndipo nilipoyaona mahindi kwa urefu wake halisi. Yalipaswa kupita kichwa changu, yalinifika kiunoni. Majani yalikuwa na manjano ya kiu, ilhali mvua ilikuwa imenyesha juzi na udongo ulikuwa umelowa.

Ua lile ni kayongo. Hilo ndilo jina lake huku kwetu, kutoka kwa Wajaluo hadi kwa majirani zao. Watanzania huliita kiduha, na katika vitabu vya sayansi ni Striga hermonthica. Nilikuwa nimelisikia jina hilo tangu utotoni jinsi mtu asikiavyo jina la ugonjwa wa watu wazima. Mimi nililelewa mjini. Sikuwahi kuulinganisha uso na jina.

Tangu siku hiyo nimesoma mengi kulihusu, na nakiri kuwa hakuna riwaya iliyonisisimua zaidi. Mbegu ya kayongo ni ndogo kama vumbi. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu, na mbegu hizo zaweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10 zikiwa hai. Haziamshwi na mvua peke yake. Zinahitaji dalili ya kikemikali kutoka kwa mzizi wa nafaka, kama vile mahindi, mtama au wimbi. Kemikali hizo huitwa strigolaktoni, jina lililotokana na Striga yenyewe. Ya kwanza ilitambuliwa mwaka 1966 kutoka katika mizizi ya pamba. Kwa miaka mingi wanasayansi walijiuliza ni kwa nini mmea umwite adui yake. Jibu moja lilipatikana mwaka 2005: mmea haumwiti adui. Unawaita kuvu wema waishio udongoni, ambao huja kushikamana na mizizi na kuisaidia kupata fosforasi. Kayongo husikia mwito usiokuwa wake. Na mmea huita kwa nguvu zaidi pale fosforasi inapopungua, yaani pale udongo unapokuwa maskini.

Nilipomsomea senge hayo kwa Kiswahili changu cha chuoni, hakushangaa hata kidogo. "Kayongo hufuata udongo uliochoka," alisema. "Hilo mama yangu alilijua." Babu alilima pale, akamgawia baba, baba akalima, akamwachia dada yake, mahindi juu ya mahindi, miaka nenda miaka rudi, na mbolea ya dukani ikinunuliwa mwaka wenye pesa na kurukwa mwaka wenye karo. Karo yenyewe, msomaji, ilikuwa yangu.

Kuna jambo jingine ambalo hunirudia kila ninapotoa simu mfukoni. Kayongo huanza kuudhuru mhindi likiwa bado chini ya ardhi. Kwa majuma kadhaa huishi huko likinyonya, pasipo jani wala rangi, na mkulima huona tu mahindi yamedumaa asijue kwa nini. Ua linapotokea, sehemu kubwa ya hasara imekwisha kupatikana. Ua ndilo la mwisho. Ndilo kamera iwezalo kuliona.

Wahenga wana methali tayari kwa hali kama hii. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Penye urembo ndipo penye urimbo. Ningekuwa nikiandika insha ya shule ningemaliza hapo, nipate alama zangu. Lakini methali hizo zinazungumzia hila, na kadiri ninavyolitazama ua hili sioni hila. Halikupaka rangi ili kunidanganya mimi wala kumdanganya senge. Rangi ni ya wadudu wanaolichavusha. Na senge hajadanganywa na kayongo hata siku moja. Anayeweza kudanganywa ni mgeni, yule afikaye shambani saa moja asubuhi na kuondoka saa tatu. Mtu mmoja huona ua. Mwingine, kwa macho yale yale, huona magunia. Ninaamini kwamba kazi ya anayepiga picha ni kumwuliza yule wa pili kabla hajaandika chochote chini ya picha.

Nasema "kuandika" kwa sababu palikuwa na jambo la kuandikwa. Chama chetu kilikuwa kinaandaa maonyesho madogo kwa ajili ya Siku ya Kiswahili Duniani, ile ya tarehe 7 Julai iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, na wanachama tuliombwa kuleta picha zenye maelezo ya Kiswahili. Mwenzangu mmoja katika kamati aliziona picha za Nambale kwenye simu yangu akazipenda papo hapo. Alichagua ile yenye umande. Akapendekeza pia maelezo: "Tabasamu la Shamba." Yalikuwa maelezo mazuri. Yangetosha katika ukuta wowote.

Nilimpigia senge kumwomba ruhusa, maana shamba ni lake. Alinyamaza kwanza. Kisha akacheka kicheko kifupi. "Kwa hiyo unakwenda kuitundika njaa yangu ukutani watu waione?"

Nikamwambia kuwa asipotaka sitaipeleka.

"Ipeleke," akasema. "Lakini uandike jina lake. Usiandike ua. Na uandike niliyovuna."

"Lakini hujavuna bado, senge."

"Magunia mawili. Nimekwisha kuyahesabu."

Nimefikiri sana kuhusu ombi hilo kuliko nilivyofikiri kuhusu mihadhara mingi. Usiandike ua. Kwa mwanaisimu, ua ni nomino ya jumla na kayongo ni nomino mahususi. Tofauti ni ya kiwango tu. Kwa senge, tofauti ilikuwa kati ya kusema na kunyamaza. Neno la jumla lingemwondoa yeye shambani. Katika miaka ya 2000 palitokea mbegu ya mahindi iliyopakwa dawa ya kukabiliana na kayongo, na jina ilimouzwa lilikuwa Ua Kayongo. Mtu wa semantiki atafurahia jina hilo kama nilivyofurahia: mkulima hasomi "ua la kayongo", anasoma amri. Muktadha unampa kitenzi moja kwa moja. Sisi tuliosoma upatanisho ndio tunaohitaji kusita.

Picha zilizotundikwa zilikuwa mbili. Ile ya umande, na nyingine niliyoipiga nikiwa nimesimama, mahindi yakiwa wazi na maua yakiwa vitone tu miguuni pake. Si picha nzuri. Upeo wa macho umeinama upande. Chini yake niliandika: "Kayongo, au kiduha. Shamba la mahindi, Nambale. Mavuno ya ekari moja: magunia mawili." Mwenzangu wa kamati alilalamika kuwa hayo si maelezo ya picha bali ni ripoti. Tulibishana kidogo kwa heshima, na hadi leo hatujakubaliana.

Watu wengi waliipita picha ya pili. Mhadhiri mmoja, mtu wa upande wa Siaya, alisimama mbele yake muda mrefu, mikono nyuma, kisha akauliza senge alivuna nini msimu uliotangulia. Mwanafunzi mmoja kutoka Kilifi aliitazama ile ya umande akaniuliza, "Linanukia?" Swali hilo lilinipendeza, kwa kuwa ndilo swali ambalo fasihi yetu ingeuliza. Nilimjibu kwamba sikulinusa.

Baada ya mavuno (yalikuwa magunia mawili na gorogoro nne, senge alikosea kwa gorogoro nne) alianza kuukata ua wa tithonia na kuyachimbia majani yake shambani. Jambo hilo si geni. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa magharibi mwa Kenya wamewashauri wakulima kuyatumia majani hayo kama mbolea ya kijani, kwa kuwa yana virutubisho vingi na huoza upesi. Ua unaingia udongoni, wenyewe unachipua tena. Ni kazi ya mgongo, na ekari moja inahitaji majani mengi kuliko mtu anavyodhani. Tulibeba mizigo siku tatu.

Kisha Machi mwaka 2025, kwa ushauri wa jirani, alipanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, na nyasi za nepia kulizunguka shamba. Huo ni mbinu uliobuniwa na kituo cha icipe huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, kwa ushirikiano na watafiti wa Rothamsted, Uingereza. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wanaotaga mayai kwenye mahindi, na nepia huwavuta nje. Mizizi ya desmodiamu nayo hutoa kemikali zinazoiamsha mbegu ya kayongo na wakati huo huo kuizuia isishikamane na mzizi wa mahindi. Mbegu inaota, haipati pa kushika, inakufa. Haimalizi kayongo kwa msimu mmoja. Akiba ya mbegu iliyomo udongoni ni ya miaka. Senge analijua hilo. Aliyoyang'oa msimu huo aliyachoma moto nyuma ya jiko, asubuhi asubuhi, kabla hayajakomaa.

Desmodiamu nayo hutoa ua. Ni dogo, la rangi ya waridi iliyofifia, na linajificha kwenye majani; nimejaribu mara tano kulipiga picha na halijatoka vizuri hata moja, kwani hutikiswa na upepo mdogo kabisa. Maganda yake yana vinyweleo vinavyonata kwenye nguo. Mara ya mwisho nilipotoka shambani sketi yangu ilikuwa imejaa vimbegu hivyo kuanzia magotini hadi chini. Senge aliniketisha kwenye kigoda, akavibandua kimoja kimoja na kuviweka ndani ya bahasha ya zamani ya barua ya chuo. Jirani mwingine alikuwa ameshaviomba.